Konzi ya Shayiri

Katika kijiji cha Semrauna hapakuwa na mwanamume wa Kithakuri, tabaka la mabwana, wa chini ya miaka arobaini ambaye hakuguswa kwanza na mikono ya Sirtaji, wala hapakuwa na hata mmoja aliyekubali kuguswa nayo mara ya pili. Ndivyo mambo yalivyopangwa, na aliyeyapanga hakumuuliza mtu. Damu ya uzazi ni najisi, kitovu ni najisi, kondo la nyuma ndiyo usiseme, na Mthakuri hashiki najisi. Kwa hiyo huitwa Mchamari, ambaye baba yake na babu yake walichuna ng'ombe waliojifia, na ambaye kwa mizani ya wakubwa hawezi kuchafuka zaidi ya alivyozaliwa.

Sirtaji alirithi ukunga kwa mama mkwe wake, pamoja na mundu mdogo wa kukatia vitovu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana na mdomo usiopoa. Kwa siku sita alikuwa mtawala wa chumba cha mzazi. "Sukuma, binti mfalme!" angemfokea mke wa bwana fulani. "Mbona samli hukuchoka kuila?" Na binti mfalme angesukuma huku akimng'ang'ania shingoni kama mamaye. Siku ya sita sakafu ilipakwa upya kinyesi cha ng'ombe, nguo zikachomwa, mzazi akaogeshwa, na Sirtaji akapewa nafaka yake nje ya mlango, imemiminwa kutoka juu ili mikono isikutane. Tangu hapo akimgusa yule mtoto, mtoto huogeshwa tena na yeye hupigwa. Huo ndio uliokuwa usafi wao.

Sasa Harakh Singh, mkubwa wa Wathakuri wa pale, alizika watoto wa kiume wanne, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyefika siku arobaini. Alipozaliwa wa tano, mama yake Harakh Singh, kizee mwenye sauti ya kuamrisha mvua, alisema huyu auzwe. Waliamini kwamba mauti huja nyumbani kwa bwana yakiwatafuta wana wa bwana. Yakikuta mtoto ni wa Mchamari, yatatema mate na kupita. Hata mauti, kwa akili zao, yalichagua vyumba vya kuingia.

Kizee akamweka mtoto kwenye ungo, akausukuma hadi kizingitini. "Nani atanunua takataka hii?"

Sirtaji, ambaye saa ile ile alikuwa amemkata kitovu, akainama kumtazama. "Lo! Bovu hili? Halina hata sauti. Haya, nitatoa konzi moja ya shayiri, na hiyo ni huruma tu."

Wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka. Shayiri ikamwagwa, mtoto akawa wake, akaitwa Bechu, yaani aliyeuzwa. Alinyonya kwa mama yake na kulala kwa baba yake, lakini mwenye mali alikuwa Sirtaji. Nywele zake zisingekatwa hadi siku atakaporudishwa, na bei ya siku hiyo angeitaja Sirtaji mwenyewe. Pandit Dudhnath, mwenye kusoma nyakati, alilieleza jambo hilo mbele ya wote: neno la kumrudisha mtoto lazima litoke kwa hiari ya mnunuzi. Likitolewa kwa fimbo halihesabiwi, na mnunuzi akifa kabla hajalisema, basi tena, mtoto ni wake milele.

Bechu hakufa. Miezi ikapita, miaka ikapita, na kizee hakuthubutu kumrudisha. Alipokuwa anakata roho aliwaapisha wote kwamba mjukuu wake asirudishwe kabla ya harusi yake. Kwa hiyo mtoto wa Harakh Singh alikua na nywele hadi kiunoni. Wenzake wakimcheka alikimbilia ukingoni mwa shamba la haradali, ambako Sirtaji na binti yake Munari humkuta, na pale Munari alimchana na kumsuka huku akimtania, "Tulia wewe, una chawa wa kibwana." Watu waliona wakajifanya hawakuona, maana kwa desturi alikuwa wa kwao. Na alimwita Sirtaji mama. Sirtaji alilisikia neno hilo likamwingia, naye ni mjinga gani angelizuia?

Alipoota ndevu hakuja tena ukingoni. Alijifunga kilemba kikubwa juu ya nywele zake, na akipita karibu na kibanda cha Sirtaji alitazama mbele.

Shida ya Wachamari wa Semrauna ilikuwa maji. Kisima chao kilibomoka kitambo, na cha Wathakuri hawakuruhusiwa hata kukanyaga jukwaa lake. Walisimama chini na vyungu vyao wakingoja Mthakuri mwenye moyo achote na kuwamiminia. Siku nyingine alikuja asubuhi, siku nyingine alasiri, siku nyingine hakuja kabisa. Asiyeweza kungoja alikwenda mtoni, mwendo wa saa mbili, katika joto la mwezi wa Jeth ambalo huwaangusha kunguru.

Munari aliolewa kijiji cha pili, mumewe akaenda Kalkata kufanya kazi ya kiwanda cha magunia. Mimba mbili zilimtoka njiani akiwa na mtungi kichwani. Ya tatu ilipoingia mwezi wa saba Sirtaji alimchukua akamrudisha nyumbani, akaapa kwamba binti yake hatabeba maji tena. Aliyabeba yeye. Lakini mkunga akiitwa huenda, hata usiku wa manane, na siku alizoitwa yeye, Munari alijitwika mtungi bila kumwambia mtu. Sirtaji alimkuta siku moja ameketi njiani, mkono tumboni, midomo imekauka.

"Nimepumzika tu, mama."

"Nitakupumzisha mimi kwa kofi!" Kisha akakaa naye pale pale vumbini, akalia.

Mwezi huo huo Harakh Singh alitangaza harusi ya Bechu. Hapo ndipo mambo yalipowabana. Bwana harusi wa Kithakuri hawezi kwenda kuoa na nywele za mtoto mchanga. Tena kabla msafara wa harusi haujaondoka, mama wa bwana harusi huketi kwenye ukingo wa kisima, akaning'iniza miguu ndani, na kutisha kwamba atajitosa, mpaka mwanawe amwapie kwamba anamletea mkwe wa kumtunza. Wanawake wakaanza kunong'onezana na kucheka: ikiwa Bechu bado ni wa Sirtaji, kisimani ataketi nani?

Sirtaji akaitwa uani. Harakh Singh alikuwa kitandani penye kivuli, mkewe Thakurani nyuma ya pazia, Bechu amesimama, na Pandit Dudhnath na kitabu chake. Sirtaji akachuchumaa juani, hatua kumi kutoka kwao, shela imemfunika uso.

"Haya, mkunga," alisema Harakh Singh. "Taja bei yako. Sari mbili? Ndama? Usione haya, leo siku ya furaha."

"Bwana, mimi sari nitavaa wapi?"

"Basi ndama."

"Sitaki ndama, bwana. Nataka kisima."

Mtumishi aliyekuwa akipepea pepeo aliacha.

"Kisima kipi?"

"Kile. Watu wangu wapande, watie kamba yao, wachote kwa mikono yao. Konzi yangu ya shayiri nilitoa bila kubishana. Hii ndiyo bei."

Harakh Singh alisimama, mshipa umemvimba shingoni. "Umelewa? Kisima cha baba zangu kiingiwe na ndoo ya ngozi?"

"Basi, bwana, nabaki na mwanangu," alisema Sirtaji, akafanya kama anayenyanyuka.

Thakurani akapiga yowe nyuma ya pazia. Pandit akakohoa, akasema kwa hiari, kwa hiari tu, mimi nimeshasema. Ndipo Bechu akamsogelea baba yake, akamwinamia sikioni, akanong'ona maneno machache. Harakh Singh alimtazama mwanawe. Hasira ikamshuka usoni polepole, akaketi.

"Sawa," alisema. "Kisima ni chenu siku nitakapompokea mkwe wangu. Neno la Mthakuri."

Sirtaji hakuamini masikio yake. Alimtazama Bechu kwa chini ya shela akajiambia, ni yeye, amenisemea, hajasahau. Akakinga upindo wa sari, shayiri ikamiminwa, konzi moja ya kumrudishia ile yake, na akasema kwa sauti ili hata wa juu wasikie: "Si wangu tena. Ni wenu. Nimemuuza kwa hiari yangu." Kinyozi akashika wembe. Nywele alizozichana Munari zikaanguka uani mafungu mafungu.

Siku ya pili Thakurani aliketi kisimani na kuning'iniza miguu, akalia kilio cha uongo, na mwanawe akamwapia. Wanawake wa Kichamari walitazama kutoka mbali, wakigusana kwa viwiko. Walikuwa tayari wanasuka kamba.

Msafara uliporudi na bibi harusi, Harakh Singh alitimiza neno lake kama lilivyo. Asubuhi mpiga ngoma alipita kutangaza: kisima cha Wathakuri sasa ni cha Wachamari. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mabwana hawakununa. Baadaye walijua: nyuma ya ukuta wa Harakh Singh mafundi walikuwa wameshachimba na kufunga pampu ya mkono, ya chuma, iliyopakwa rangi ya kijani. Hayo ndiyo Bechu aliyoyanong'ona.

Munari ndiye aliyechota kwanza. Walimpa heshima hiyo kwa sababu ya mama yake. Alipanda lile jukwaa, tumbo mbele, akateremsha ndoo, akaivuta, akaiinua mdomoni akanywa mpaka maji yakamtiririka kifuani. "Mama!" aliita. "Njoo unywe! Yamepoa kama barafu!" Wanawake walipiga vigelegele. Munari alikunywa tena, na tena, kama mtu anayelipiza miaka.

Mumewe Sirtaji, Ghurbin, mtu mpole wa kazi ya ngozi, alikuwa na jambo dogo lililomkera. Alisikia kwamba wiki ya harusi ndama wa nyati wa Harakh Singh alikufa, na hakuna aliyemwita kuja kumwondoa. Mizoga ya kijiji ni ya Wachamari. Tangu dunia iumbwe hakuna Mthakuri aliyegusa mzoga wake mwenyewe. Alingoja siku ya kwanza, akangoja ya pili. "Labda wamewapa watu wa kijiji kingine," alimwambia mkewe, naye alisikitika kwa ajili ya ile ngozi tu. Sirtaji alimwambia aache kulilia mizoga, siku hizi ni za furaha.

Siku ya tatu maji yalianza kunuka. Siku ya nne walimteremsha kijana kwa kamba, akapandishwa akitapika. Walipomaliza kuvuta, ndama yule akatoka amevimba, manyoya yanamchomoka, na shingoni amefungwa jiwe la kusagia.

Wakati huo Munari alikuwa ameshalala siku mbili, anaendesha na kutapika. Alikuwa amekunywa kuliko wote. Uchungu ulimjia kabla ya wakati, na mikono iliyowatoa wana wa mabwana wote wa Semrauna ikafanya kila ilichojua. Mtoto alitoka akiwa ameshakufa. Munari aliomba maji. Maji hayakuwapo. Sirtaji alituma watu mtoni, na kabla hawajarudi Munari alikuwa amekauka, amefumba macho, amekwenda. Sijui kama kuna neno kwa mkunga anayemkata kitovu mjukuu wake aliyekufa juu ya maiti ya binti yake. Kama lipo, sitaki kulijua.

Sirtaji alikwenda na damu mikononi mpaka lango la Harakh Singh. Bechu alikuwa penye pampu, mkono wake bado una manjano ya harusi, akinawa.

"Bechu," alisema. "Munari amekufa."

Alitikisa maji mikononi. "Nimesikia."

"Nani alitia ndama kisimani?"

"Mlitaka kisima, mkapewa kisima. Maji hayakutajwa."

"Munari alikuwa akikusuka nywele, mwanangu."

Alikunja uso kama aliyepigwa kofi, akaangalia huku na huku kuona nani amesikia. Nduguze wa ukoo walikuwa barazani, wanatazama. "Mimi si mwanao," alisema kwa sauti ya kuwafikia. "Uliniuza mwenyewe, tena kwa hiari. Ondoa damu yako hapo mlangoni."

Nduguze wakacheka. Mmoja akamwagia Sirtaji ndoo ya maji ya pampu, amwoshe, alisema. Polisi waliokuja walikunywa mtindi barazani, wakaandika kwamba ndama aliteleza. Jiwe la kusagia hawakuliandika.

Miaka minne ikapita. Ghurbin akafa. Kisima kikafukiwa. Wachamari wakarudi kwenda mtoni, kwa sababu jukwaa la kusimama chini yake halikuwapo tena, na pampu ilikuwa nyuma ya ukuta. Sirtaji aliendelea na ukunga. Kazi ile haina kukataa: aliyekataa kijiji cha jirani alichomewa nyumba. Ila matani yalimwisha. Alizalisha kimya, akakata, akafunga, akaondoka.

Mke wa Bechu alizaa wa kwanza, mtoto akafa siku ya tisa. Akazaa wa pili, huyo naye akafa siku ya tano. Thakurani alianza kuota ndoto. Alisema bei ililipwa kwa ujanja, na sasa mauti yanadai chao. Mumewe alimwambia anyamaze, lakini yeye mwenyewe hakulala. Mimba ya tatu ilipotimia, mtoto wa kiume alitoka wa buluu, mdogo, na Sirtaji akamfyonza ute puani kwa mdomo wake mwenyewe, akamchapa, mpaka akalia. Hakumfanyia hila. Nalisema hili kwa sababu wako waliosema vinginevyo, nao ni waongo.

Ungo ukaletwa. Safari hii Thakurani mwenyewe aliusukuma kizingitini. "Nani atanunua takataka hii?"

Sirtaji aliosha mundu wake.

"Sirtaji, nakuomba. Wewe ndiye uliyemwokoa baba yake. Nani atanunua takataka hii?"

Bechu alikuwa mlangoni, ndevu zimeanza kuwa na mvi mapema. Sirtaji alimtazama yeye, si Thakurani. "Kwa hiari?" aliuliza.

"Kwa hiari," alisema Bechu.

Sirtaji akafungua upindo wa sari. Mlikuwa na konzi ya shayiri. Aliibeba kutoka nyumbani, alijua. Akaimwaga kizingitini. "Nimemnunua. Jina lake Inaru, yaani wa kisimani. Kila mkimwita mtakitaja kisima." Kisha akasimama, akajifunga shela. "Na huyu simuuzi."

Walidhani ni utani wake wa zamani umemrudia. Walipojua si utani mtoto alikuwa amefikisha miaka mitatu, mnene, mwenye afya, na nywele zinamfika mabegani. Walimpelekea sari tano. Walimpelekea ng'ombe na ndama wake. Alivirudisha. Harakh Singh alituma vijana na fimbo, wakamvunja mkono, na akiwa chini vumbini aliwacheka: "Pigeni! Nikifa, nani atalisema hilo neno? Muulizeni Pandit wenu." Pandit alikuwa ameshakiri kwamba sheria ndivyo ilivyo. Baada ya hapo hakuna aliyemgusa. Wathakuri walianza kuuliza hali yake akikohoa.

Ndugu zake wenyewe walimwogopa. Mpwa wake, Sukhari, alimwambia, "Shangazi, huyo mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa kitu," alisema Sirtaji. "Na Munari?"

Mtoto alizunguka uani na msuko wake mrefu, wenzake wakimfuata na kumwimbia, "Mchamari! Mchamari!" Alipewa sahani yake peke yake. Mama yake alimpenda akamwonea kinyaa, siku hiyo hiyo, mara kumi. Baba yake hakuweza kumtazama kichwani. Sirtaji naye hakumwendea hata mara moja kumchana. Alikuwa amemnunua, hakuwa amempenda. Kupenda kulimtosha mara ya kwanza.

Inaru alikuwa na miaka sita Sirtaji alipolala kitandani bila tumaini la kuamka. Ilikuwa Jeth tena, mchana, vumbi limesimama. Bechu alikuja peke yake, kwa miguu, akainama kuingia mlango ule mfupi ambao hakuna Mthakuri aliyewahi kuuingia. Mkononi alishika lota, kijungu cha shaba, iliyojaa maji ya pampu. Alipiga magoti. Akaingiza mkono wake chini ya kichwa cha Sirtaji, akakiinua, akamnywesha.

Sirtaji alikunywa taratibu, yote, hadi tone la mwisho.

"Sasa sema, mama," alisema Bechu. Machozi yalimtoka, nayo yalikuwa ya kweli. "Si kwa ajili yangu. Sema tu, mama."

"Matamu," alisema Sirtaji. "Munari hakuyaonja." Akageuza uso ukutani. Bechu alikaa pale akiita mama, mama, mpaka Sukhari alipomgusa bega na kumwambia anamwita maiti.

Wakamfunga kwenye machela ya mianzi. Lakini hawakwenda nayo moja kwa moja mtoni, kwenye kuni za kumchomea. Sukhari na wenzake, wanaume kumi na wawili, waliipitisha njia ya Wathakuri, wakaiweka chini mbele ya lango la Harakh Singh.

"Mnataka nini hapa?" alifoka mzee kutoka barazani.

"Bwana," alisema Sukhari, mikono ameifumbata, "tumemfuata mwanawe. Amwashie mama yake moto."

Vijana walichukua fimbo. Harakh Singh alitukana mpaka sauti ikamkauka. Bechu alisimama penye pampu kama mtu aliyepoteza njia. Ndipo lango likafunguka, na Thakurani, ambaye hajawahi kutoka bila kujifunika tangu aolewe, akatoka uso wazi, amemshika mjukuu wake mkono. Aliogopa wafu kuliko aibu. Mama asiyewashiwa moto na mwanawe hurudi kumchukua, aliamini hivyo, na hakuwa tayari kumpoteza mjukuu wa tatu.

"Nenda," alimwambia mtoto. "Fanya watakavyokuambia."

Kinyozi wa Wathakuri alikataa katakata. Sukhari ndiye aliyemnyoa mtoto, kwa wembe wake mwenyewe, ukingoni mwa mto. Nywele za miaka sita zikaanguka kwenye mchanga. Mtoto hakulia. Akapewa kijinga cha moto akazunguka kuni, akakigusisha mdomoni mwa mwanamke aliyemnunua, kama afanyavyo mwana kwa mamaye, na akangoja mpaka mwisho kwa sababu mwana hungoja.

Alirudi jioni, upara unang'aa, majivu miguuni, amechoka, ana kiu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pampu. Bibi yake akamzuia, si kwa ukali, akamwambia asiguse mpini. Akachota yeye kwa lota, akapiga hatua moja nyuma, akainua mkono juu.

"Kinga," alisema.

Mtoto akamtazama baba yake. Bechu akatazama ukuta. Basi Inaru akachuchumaa pale chini, akaunganisha viganja vyake, na maji yakamiminwa kutoka juu.